Taarifa Zilikuwepo: Garissa na Swali la Nani Aamue

Tangu Aprili 2, 2015, mjadala wa usalama katika vyuo vya Kenya umekuwa mjadala wa ukuta, kamera na askari wa getini. Siku hiyo watu 148 waliuawa na wanamgambo wa al-Shabaab katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi, na kikosi maalumu cha polisi cha Recce kilifika saa nyingi baada ya risasi za alfajiri. Kwamba ulinzi ulikuwa haba, hakuna anayebisha. Kinachobishaniwa ni kama uhaba huo ndio kiini cha tatizo.

Wiki moja kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake kuwa al-Shabaab walipanga kushambulia chuo kikubwa. Zito zaidi ni hili, ambalo watetezi wa ukuta hulipita kimya: mmoja wa washambuliaji wanne wa Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa chuo hicho cha Nairobi, na baba yake, chifu katika Kaunti ya Mandera, alikuwa ameshawaarifu wakuu kwamba mwanawe ametoweka na huenda amevuka kwenda Somalia. Mzazi, tena mtumishi wa serikali, anamripoti mwanawe mwenyewe. Onyo gani lingekuwa la karibu kuliko hilo?

Maonyo yasiyounganishwa si ya Kenya pekee. Katika chuo cha Virginia Tech, Marekani, mwanafunzi aliua watu 32 Aprili 16, 2007. Jopo la uchunguzi lilikuta kwamba wahadhiri, polisi wa chuo na wasimamizi wa mabweni walijua kila mmoja kipande chake, lakini sheria ya faragha ilieleweka vibaya na vipande havikuunganishwa. Mwaka 2008 jimbo la Virginia likavilazimisha vyuo vyake vya umma kuunda timu za kutathmini vitisho, zinazowaketisha pamoja polisi, wataalamu wa afya ya akili na walezi wa wanafunzi.

Wapo wanaosema mfano huo haufai: muuaji wa Virginia alitoka ndani, wa Garissa walitoka nje. Ni nusu ya hoja. Mhitimu yule anaivuruga. Kweli, timu ya chuo haimfuati mtu hadi Somalia, lakini inaweza kupokea onyo la mzazi. Hofu kwamba wanafunzi Wasomali watageuzwa washukiwa ina uzito pia, ingawa tathmini inayostahili jina hilo hupima kauli na matendo, si ukoo.

Hofu yenyewe nayo huua. Siku 10 baada ya Garissa, transfoma ililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliodhani wamevamiwa waliruka madirishani. Mmoja akafa, zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Novemba mwaka huo, zoezi la usalama Strathmore lilizua taharuki iliyomuua mfanyakazi. Ukuta usingewaokoa hawa. Pengine, badala ya ukuta, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ingeanza na sharti la gharama ndogo: kila chuo kitaje, kwa cheo, nani hupokea onyo, nani huliamulia na ndani ya saa ngapi.