Mwanamke na Uzito: Je, Mazoezi Yake ni Tofauti na ya Mwanamume?

Leo najibu swali ninaloulizwa sana kliniki: "Sista, mwanamke akifanya mazoezi ya kuinua vitu vizito, si ataota kifua kama cha mwanamume?"

Hofu hii ni ya zamani. Mwaka 1928, kwenye Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Wakubwa wa michezo wakadai wamechoka kupita kiasi, na mbio hizo zikaondolewa hadi mwaka 1960. (Mwanamume akianguka kwenye utepe huitwa shujaa!) Wakenya wa kwanza wa kike, Tecla Chemabwai, Lydia Stephen na Elizabeth Chesire, walikwenda Mexico mwaka 1968. Kunyanyua vyuma kulichelewa zaidi. Wanaume walianza mwaka 1896, wanawake wakaruhusiwa Sydney mwaka 2000. Mwenzetu Mercy Obiero alishindana Beijing mwaka 2008.

Hapo mimi hucheka. Wakati wakubwa hao wakibishana, nyanya zetu walikuwa wakipanda mlima na mzigo wa kuni kichwani. Mwaka 1986 watafiti, akiwemo Profesa Maloiy wa Nairobi, walichapisha vipimo vya akina mama wa Kijaluo na Kikikuyu. Waligundua kuwa mama aliyezoea hubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 12. Lakini mtungi wetu wa lita 20 ni kilo 20 na zaidi, na hapo mwili hulipa.

Sasa, misuli ya mwanamke hukua kwa njia ile ile kama ya mwanamume. Kifua cha mwanamume huletwa na homoni ya testosteroni, ambayo sisi tunayo kidogo sana. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wote, wake kwa waume, waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki.

Mtaniambia, "Sista, nachota maji tangu alfajiri, hayo si mazoezi?" Ni kazi, na inatia nguvu, ila hukuchagua uzito wala siku ya kupumzika, na shingo ndiyo inayoumia. Jaribu hivi: keti kwenye kiti, simama bila kujishika, mara 10. Pumzika, urudie. Ukizoea, shika debe la mahindi kifuani.

Tofauti ya kweli iko kwenye uzazi. Mama mmoja alinijia akiwa amejifunga kitambaa. Kila akijitwika mtungi, mkojo ulimtoka. Miaka minne hakumwambia mtu, akidhani ndiyo malipo ya kuzaa. Misuli inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi ilikuwa imelegea. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuhusu mazoezi yake mwaka 1948: kaza kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi 5, legeza. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni, hata ukiwa unakoroga ugali. Yahitaji miezi kadhaa. Fanya hayo kabla ya kurudia mtungi mzito baada ya kujifungua, na kama ulipasuliwa, uliza muuguzi kwanza. Ukihisi kitu kinashuka ukeni, usingoje, njoo kliniki.