Patina ya Sarafu Tuiiteje?

Nilikuwa na umri wa miaka tisa nilipoisugua pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar kwa ndimu na majivu. Niliitoa katika mkebe wa biskuti wa bibi yangu, mlimokuwa na senti za tundu za wakati wa Mwingereza, vifungo vya kanzu na funguo zisizo na kufuli. Pesa yenyewe ilikuwa ya shaba, ya mwaka 1299 wa Hijria, ambao kwa hesabu ya Kizungu ni 1881 hadi 1882. Upande mmoja ina maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mizani. Rangi yake ilikoza kama kahawa chungu. Niliuliza ile rangi ni nini, nikajibiwa kwa neno moja: kutu. Nami dawa ya kutu niliijua. Baada ya robo saa pesa ilitoka nyekundu kama minofu ya jodari, inameremeta, na herufi zilizokuwa zikisomeka asubuhi zikabaki vivuli.

Bibi hakunigombeza. Aliitazama, akairudisha mkebeni, akasema, "Umeifuta, mjukuu wangu." Kwa miaka mingi nilidhani alimaanisha nimeisafisha.

Kile nilichokifuta wakusanyaji sarafu wa Ulaya hukiita patina, neno walilolipata kwa Waitalia. Shaba ikikutana na hewa, unyevu, chumvi na jasho la mikono, tabaka lake la juu kabisa hubadilika. Kwanza huwa oksidi yenye wekundu wa matofali, kisha kahawia, pengine hata nyeusi. Ikilala ardhini penye unyevu huweza kupata kijani cha kabonati, kile kile ambacho kikichimbwa kama jiwe huitwa malakiti. Fedha nayo hukutana na salfa iliyomo hewani, kwenye mpira, sufu na karatasi duni, ikaenda manjano, zambarau, buluu, mwisho weusi. Patina basi haitoki nje ikaja kukaa juu ya sarafu kama vumbi linavyokaa juu ya kabati. Ni shaba ile ile ya sarafu iliyogeuka. Ukiiondoa umeondoa sehemu ya sarafu, tena sehemu ya juu, ambayo ndiyo iliyobeba ncha za herufi, ndevu za mfalme na manyoya ya yule mbuni wa senti 20 ya Tanzania ya mwaka 1966.

Sasa neno kutu. Kwa chuma neno hili halina mpinzani. Kutu ya chuma hufura na kubanduka, na ikibanduka hufungua njia kwa kutu nyingine, mpaka bati la paa likaisha. Ndiyo maana kwa Kiswahili kutu hula: msumari umeliwa na kutu, jembe limeliwa na kutu. Patina iliyotulia haili. Ikishatanda vizuri hupunguza kasi ya hewa na unyevu kuifikia shaba iliyo chini yake, kwa hiyo huilinda. Itazameni Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Ni ya shaba nyeusi, na rangi yake iliyokoza haijawahi kumfanya mpita njia aseme Askari ameliwa na kutu. Kuviita kwa jina moja vitu viwili vinavyotenda kinyume ni kosa la istilahi, na gharama ya kosa hili huonekana kwa macho. Sarafu iliyosuguliwa hushuka thamani mbele ya wakusanyaji wa nchi yoyote, wala hakuna fundi anayeweza kuirudishia kilichoondoka.

Sisi wa pwani tuna sababu ya ziada ya kuteleza hapa. Shaba ya nyumbani kwetu husuguliwa. Idi ikikaribia, sinia, mdila na chetezo hutolewa uani, vikapakwa ndimu au ukwaju, vikasuguliwa kwa majivu mpaka mtu aone uso wake. Nyumba yenye sinia jeusi huonekana imelala. Heshima hiyo ni haki ya sinia, kwa sababu sinia ni chombo cha kazi na ni nene. Sarafu ni maandishi, na maandishi yake yamesimama juu ya uso wa shaba kwa kimo kisichofika unene wa ukucha. Lakini mkono uliozoea masinia hautaijua tofauti hiyo ikiwa ulimi haujaitaja.

Basi tuitaje kwa neno gani? Nimewahi kumsikia mtu akipendekeza ukoga. Namheshimu, ila ukoga ni wa meno na wa kuta zenye unyevu, na kila ausikiaye hutafuta mswaki. "Weusi" hutaja rangi tu, tena rangi moja kati ya nyingi. Kuna pia njia ya kutohoa, na hapa kwa kweli hakuna hata la kutohoa: pa-ti-na hutamkika kama lilivyo, linaingia katika ngeli ya sinema na kamera bila kubadilishwa irabu hata moja. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wasingekuwa na kazi ya kulirekebisha. Tatizo langu ni kwamba neno hili halimwambii kitu mtu ambaye uamuzi wake ndio muhimu, yaani yule aliyerithi mkebe. Atauliza, patina ndiyo nini? Nasi, tukiwa na haraka, tutamjibu kwamba ni ile kutu. Tumerudi tulikoanza.

Neno ninalolishika ni utando. Asili yake ni kitenzi kutanda, na kutanda kuna muda ndani yake: wingu hutanda, giza hutanda, hakuna kinachotanda kwa ghafla kama kofi. Lina wingi ulio tayari, tando, unaofaa kwa sarafu yenye tabaka la kahawia chini na la kijani juu. Najua pingamizi litakalokuja. Utando wa buibui pia ni utando, na kazi ya utando wa buibui ni kufagiliwa. Pingamizi hili lina uzito, nami nililitafuna kwa muda kabla ya kulipatia jibu. Jibu nililipata jikoni. Maziwa yakichemka yakaachwa yapoe, juu yake hukaa utando, na utando huo ni maziwa yenyewe. Ukiuengua, umeengua mafuta yake. Utando wa sarafu ni wa namna hiyo. Ili msikilizaji asimfikirie buibui, naongeza neno moja: utando wa umri. Kwa sarafu ya fedha inayobadilika rangi polepole tunacho kitenzi ambacho wasusi na wapambaji wa bibi harusi wanakitumia kila wiki: kukoza. Hina iliyokoza haiko juu ya kiganja, imo ndani ya ngozi yake. Reale ya Maria Theresa iliyokaa miaka katika kasha la mbao nayo imekoza.

Kutu ya shaba ipo, na ni vizuri tuwe na neno lake. Sarafu iliyolala mchangani karibu na bahari huweza kuwa na chumvi za kloridi tumboni mwake. Ikipata unyevu hutoa unga wa kijani kibichi, mwepesi, unaopukutika. Ukiupangusa leo kesho umerudi, na kila unaporudi umechimba. Wahifadhi wa Ulaya huuita ugonjwa. Mimi nauita kutu ya unga. Sarafu yenye hali hiyo itengwe na nyingine, iwekwe pakavu sana, na mtaalamu wa uhifadhi aitazame. Hapa neno kutu limekaa mahali pake, kwa sababu hiki kinakula.

Mtu wa kawaida atatofautishaje utando na kutu ya unga? Kwa picha. Naulizwa mara kwa mara kama mtu mwenye sarafu zake chache nyumbani ana haja ya kuzipiga picha, na jibu langu huanzia hapo. Utando wa umri utakuwa ule ule mwaka huu na mwaka ujao. Kutu huenda. Doa la kijani lililokuwa kama kichwa cha sindano pembeni mwa mizani, likiwa mwakani limefika kwenye mizani, limejitaja lenyewe, na hakuna jicho linalokumbuka kwa usahihi huo. Zipo faida nyingine: mwizi akiingia, una ushahidi, wewe ukiondoka, watoto wanajua ni ipi ni ipi, na mgeni anayetaka kutazama anaonyeshwa picha, vidole vyake vyenye jasho vikabaki mbali na shaba.

Wengine hukataa kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo ina msingi, lakini kupiga picha ni jambo moja na kuieneza ni jambo lingine. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zima uwezo huo kabla ya kuanza. Weka nakala mahali pawili, na usimtumie mtu picha ya mkebe mzima pamoja na dirisha la nyumba yako.

Namna ya kupiga inategemea utando kuliko kitu kingine chochote, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Taa ya manjano ya sebuleni huigeuza kahawia kuwa dhahabu. Ukiitazama picha hiyo baada ya miaka mitano utalia kwamba sarafu yako imefifia, na haikufifia. Piga kwa mwanga wa dirishani usio jua kali, au kwa taa nyeupe, na ndani ya fremu weka kipande cha karatasi nyeupe. Karatasi hiyo ni shahidi wa rangi: ikionekana manjano, ujue na shaba imedanganywa. Karibu yake laza rula. Flashi izimwe kabisa, kwani hupiga uso wa sarafu ikarudi kwenye lenzi, ukapata doa jeupe penye jina la Sultani. Sarafu ilazwe juu ya kitambaa cha kijivu kisichong'aa. Simu iwe imetulia juu ya stendi au mrundo wa vitabu, uso wake sambamba na sarafu, si karibu mno, maana simu iliyoinamia sarafu huitia kivuli na kulikunja duara lake. Afadhali uiweke mbali kidogo kisha uvute.

Pembe ya taa ndiyo ufundi wenyewe. Shaba yenye utando mweusi hunywa mwanga, basi taa ishushwe chini, karibu na usawa wa meza, mwanga upite juu ya sarafu kama jua la alasiri linavyopita juu ya mchanga wa ufukweni na kuonyesha kila unyayo. Herufi ulizodhani zimekufa zitainuka. Fedha inayong'aa inataka kinyume chake: mwanga uliolainishwa kwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi mbele ya taa, la sivyo utapiga picha ya taa. Mimi huipiga kila moja mara mbili, kwa taa ya chini na kwa taa iliyolainishwa, pande zote mbili na ukingo, nikiishika sarafu kwa ukingo wake tu. Vichujio vya kurembesha picha sivitumii. Picha iliyorembeshwa imesuguliwa kwa ndimu ya kompyuta.

Tena Kiswahili chenyewe kimeviweka vitu hivi pamoja: sarafu hupigwa chapa, picha hupigwa. Chapa ya sarafu ikishapigwa haipigwi tena. Picha inaweza kurudiwa kesho, ikiwa tu sarafu bado ni ile ile.

Chini ya picha andika maneno, kwa kuwa kamera haijui kutofautisha utando mweusi na masizi ya jikoni. Mimi huandika metali yake, uzito kwa gramu, kipenyo, tarehe ya kupigwa picha, halafu mistari miwili inayojitegemea, mmoja wa utando na mwingine wa kutu. Kwa senti 10 ya tundu, ile yenye pembe za ndovu zilizolikumbatia tundu lake, nimeandika: utando, kahawia iliyokoza, haujaguswa; kutu, hakuna. Mrithi wangu hatahitaji kunipigia ramli.

Sarafu za kale zaidi zinataka uangalifu zaidi. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba ambazo upande mmoja zina jina la mtawala na upande wa pili tamko la kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili hukutana kwa kina, kama mishororo ya ubeti. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogo ndogo, nyingi zikiwa na majina ya watawala ambao historia ilikuwa haiwajui vizuri. Maandishi ya namna hiyo ni membamba mno. Kwenye sarafu nyingi za Kilwa, utando na herufi vimeshikana kiasi kwamba kuondoa kimoja ni kuondoa vyote. Anayezikuta sarafu kama hizo ufukweni au shambani asizioshe hata kwa maji. Azipige picha pale pale zilipo, rula kando yake, kisha apeleke habari kwa wahusika wa mambo ya kale, kwani ni mali inayolindwa na sheria.

Naiomba BAKITA, na wenzao wa BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wanapopitia istilahi za makumbusho wautie utando wa umri na kutu ya unga katika orodha, mbalimbali, kila moja na maana yake. Na wewe mwenye pesa ya Barghash ambayo haijasuguliwa, ipige picha wiki hii kama ilivyo, pande zote mbili, na chini yake uandike: utando haujaguswa. Ya kwangu ninayo bado. Imeanza kutanda upya, kahawia nyepesi, na herufi hazikurudi.