Kwa Nini Babu Anatoka Kijani

Swali ninaloulizwa zaidi hapa Nakivale, kwenye meza yangu ya kuchapa, ni hili: "Kaka, mbona babu ametoka kijani?" Mtu ana picha ya nyeusi na nyeupe, labda ya harusi ya wazazi kule Bukavu, na ndiyo pekee iliyovuka naye mpaka. Anataka nakala tatu agawie ndugu. Kumbe ameshapita kwingine akachapiwa, na mzee amekuwa kama mtu aliyeugua nyongo.

Picha za zamani zilitoka chumba cha giza. Karatasi ilipakwa chumvi za fedha, na kila kivuli unachokiona pale ni chembe za fedha tupu. Hakuna rangi humo. Ndivyo alivyofanya kazi Samuel Fosso, aliyekimbia vita vya Biafra akiwa mtoto, akafungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13 tu. Filamu iliyobaki baada ya wateja alijipiga mwenyewe, ampelekee bibi yake Nigeria ajue mjukuu yuko salama. Februari 2014 nyumba yake Bangui iliporwa, negativu zikatupwa nje kwenye vumbi. Wanahabari waliofika pale ndio waliookota nyingi. Wengi wetu hatukupata wa kutuokotea. Tumebaki na karatasi moja, na karatasi hiyo lazima izae nyingine.

Shida ni kwamba printa ya wino ilizaliwa kwa ajili ya rangi. Ina sayani, majenta, njano na mweusi. Ukiitaka kijivu, huchanganya zile tatu, na mizani ikiyumba kidogo tu, jicho linaona. Kwenye shati jekundu nani atajua? Kwenye shavu la kijivu kila mtu anajua. Tena mchanganyiko huo hugeuka na mwanga: chini ya taa ya sola uko sawa, ukitoka juani ni kijani.

Wenye pesa walihangaika nayo pia. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash, ambaye ni mpiga picha vilevile, alifungua Nash Editions huko California pamoja na Mac Holbert. Mashine yao, IRIS 3047, iliundwa ili kampuni za uchapaji zione mfano wa kazi kabla ya kuchapa maelfu. Ilimgharimu Nash dola 126,000. Leo iko makumbusho ya Smithsonian. Picha zilitoka nzuri, ila wino wa mwanzo ulipauka upesi. Halafu mwaka 2000 Jon Cone wa Vermont akaleta Piezography, wazo ambalo mimi naliona la akili kuliko yote: toa rangi zote kwenye printa, jaza nyeusi na kijivu za viwango mbalimbali. Hapo hakuna kijani cha kuponyoka. Mwaka 2005 Epson nao wakatoa R2400 yenye wino mweusi wa aina tatu.

Sisi hatuna hizo. Tuna printa ya kawaida, na dawa yake ni kutumia mweusi peke yake. Chukua karatasi nene isiyong'aa, iambie printa ni karatasi ya kawaida, chagua kijivu na ubora wa juu. Ukiiambia karatasi ya kung'aa, printa nyingi zitachanganya rangi tu, hata ukatae. Kwa karibu utaona vidoto mashavuni. Shika picha umbali wa mkono, vinapotea. Wino mweusi wa pigmenti ni kaboni, ndugu wa masizi ya jikoni, na haupauki haraka kama ule wa rangi iliyoyeyushwa. Kuujua ni rahisi: chapa herufi kwenye karatasi ya kawaida, ziache zikauke, dondosha maji. Zikitiririka, tafuta printa nyingine.

Na jamani, mliopewa mashine za plastiki na mashirika, na ninyi wa mashirika wenyewe: funikeni nakala, picha ya asili muiache. Ile plastiki ikishashika kwa moto haitoki tena bila kubandua uso wa mtu. Picha iliyogandia kioo cha fremu pia msiivute. Nileteeni na kioo chake, nitaipiga hivyohivyo.