Somo la Historia: Maji ya Kijito Yanapopimwa

Leo somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya maji, na jinsi watu walivyojifunza kuyapima. Mwalimu wa darasa asome polepole, nanyi mfuate kwa kidole.

Nkome ni mahali pa wavuvi, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Geita. Kutoka hapo mtu huweza kuvuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Rubondo. Nyuma ya mwalo yako mashamba, na mbali zaidi barani iko nchi yenye dhahabu. Mvua ikinyesha, maji hupita mashambani, hupita penye machimbo, kisha huingia kijitoni. Maji hayachagui mzigo: hubeba udongo, hubeba mbolea, hubeba na sumu. Nawe mwenye ndoo unangoja mwisho wa njia hiyo. Basi habari hii ni yako.

Dhahabu na zebaki

Dhahabu ya nchi hii ilijulikana kwa wageni tangu wakati wa Wajerumani. Katika miaka ya 1930 mgodi mkubwa ulianza kazi Geita, ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mwingine mkubwa, ulio wazi juu ya ardhi, ulianza kazi mwaka 2000. Tena wako wachimbaji wadogo wengi. Hao huchimba maduara, husaga mawe kwa karasha, kisha huchanganya unga wa mawe na zebaki. Zebaki hushika dhahabu. Wanapouchoma mchanganyiko huo, zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki.

Je, zebaki iliyopaa imekwenda wapi? Nyingine huingia mapafuni mwa yule anayechoma. Nyingine huanguka ardhini. Ile iliyomwagika pamoja na maji ya kuoshea hulala topeni. Zebaki haiozi. Huko topeni vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Dudu mdogo hula tope, samaki mdogo hula dudu, samaki mkubwa humla mdogo, na mtu humla mkubwa. Kila hatua sumu huongezeka. Anayeumia kuliko wote ni mtoto aliye tumboni mwa mama yake.

Funzo la Minamata

Dunia ilijifunza jambo hili kwa machozi. Huko Minamata, Japani, kiwanda kimoja kilimwaga zebaki baharini. Paka waliokula samaki walianza kuyumba na kuanguka. Kisha watu wakashikwa na kutetemeka, wakashindwa kusema na kuona vizuri. Mwezi wa Mei 1956 ugonjwa huo ulitangazwa rasmi. Lakini serikali ilikubali sababu yake mwaka 1968. Hesabu mwenyewe: ni miaka 12. Miaka yote hiyo maji machafu yaliendelea kumwagwa. Kuchelewa kupima, na kuchelewa kukubali kipimo, kulileta msiba juu ya msiba.

Wapimaji wafika Geita

Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza kupima zebaki katika samaki na watu wa nchi ya dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria. Baadaye wataalamu wa jiolojia kutoka Uingereza walifanya kazi hiyo Rwamagasa, Wilaya ya Geita, kwa ajili ya shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Taarifa yao ilitoka mwaka 2004. Walichukua maji, tope, udongo na samaki. Waliona kwamba zebaki nyingi ilikuwa karibu na mahali pa kusagia na kuoshea. Samaki wa ziwani, katika Ghuba ya Nungwe, walikuwa na zebaki kidogo.

Angalia neno moja hapo. Vijito vya Rwamagasa haviendi Ziwa Viktoria. Huteremka kusini hadi mto Nikonga, na maji yake huelekea Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo swali la kwanza la mpimaji ni hili: kijito hiki kinakwenda kwa nani?

Sumu ya shambani

Tusiwalaumu wachimbaji peke yao. Pamba ni zao la miaka mingi katika nchi ya Wasukuma, na pamba hutaka dawa ya wadudu. Mkulima akiosha bomba lake kijitoni, dawa huua samaki pia. Wako hata waliotumia dawa za shambani kuvulia samaki ziwani. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataa samaki wa Ziwa Viktoria kwa kuogopa sumu hiyo. Wavuvi waliovua kwa haki wakapata hasara kwa kosa la wachache. Mwaka 2000 mlango ulifunguliwa tena kwa samaki wa Tanzania, baada ya ukaguzi na vipimo kutengenezwa.

Jinsi ya kupima

Mpimaji mwema hachukui chupa moja tu. Huchukua maji juu ya machimbo na chini yake, juu ya shamba na chini yake. Hupima kiangazi, na hupima masika. Hutazama tope, kwa maana maji yaweza kuwa meupe na tope likawa na sumu. Tena hutazama wadudu wa kijitoni. Dudu wengine hawavumilii uchafu; ruba na minyoo myekundu huvumilia. Mwaka 2015 ulitolewa utaratibu wa Kitanzania wa kupima mito kwa kuwatazama wadudu hao. Lakini wadudu hawatajui jina la sumu. Zebaki hutaka maabara.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi zenye kuharibu kingo, ndani ya meta 60 kutoka mtoni au ziwani. Mkataba wa Minamata ulitiwa sahihi mwaka 2013 ili kupunguza zebaki duniani, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kazi yako

Kumbuka: kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi, lakini hakuondoi zebaki. Usichomee zebaki jikoni, wala karibu na watoto. Usioshe bomba la dawa kijitoni.

Tena, sasa unajua kuandika. Chukua daftari. Andika tarehe, rangi ya maji, harufu, na samaki waliokufa kama wapo. Mpelekee afisa wa afya au ofisi ya Bonde la Ziwa Viktoria. Maneno ya mdomo husahauliwa. Daftari lenye tarehe ni shahidi. Kule Minamata dalili zilionekana kwanza kwa paka. Hapa kwetu macho yako na kalamu yako na vitangulie.

Maswali

1. Kwa nini samaki mkubwa huwa na zebaki kuliko mdogo?
2. Kwa nini mpimaji huchukua maji juu na chini ya machimbo?
3. Kijito cha kijijini kwenu kinatoka wapi, nacho kinakwenda kwa nani?

Kwaherini hadi somo lijalo.