Sikio Katika Misitu ya Kilosa

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Kilosa huanza safari yake mbugani, mahali ambapo jicho ndilo mtawala. Twiga na nyati huonekana kutoka mbali, na tai hutambulikana angani kwa umbo lake. Lakini akipanda milima ya Rubeho na Ukaguru, jicho hupoteza madaraka yake. Ukungu hutanda, matawi hufungamana, na ndege aliye hatua kumi tu hufichika kabisa. Hapo sikio ndilo hutoa hukumu.

Hata hivyo, elimu ya kitaalamu ya ndege wa nchi hiyo ilianza kwa bunduki. Mapema katika miaka ya 1920 Arthur Loveridge, mhifadhi msaidizi wa wanyama pori wa serikali ya Tanganyika, alikaa Kilosa akikusanya wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho. Ngozi iliyokaushwa huhifadhi rangi na kipimo cha bawa, mlio haihifadhi. Ndege aliyefika makumbusho alifika bubu.

Wenyeji walikuwa na kanuni nyingine, na Kiswahili chenyewe ni shahidi: tipitipi na hondohondo waliitwa hivyo kwa milio yao, wala si kwa manyoya.

Wataalamu walichelewa kuishika njia hiyo kwa kukosa chombo. Mwaka 1958 Myles North, aliyekuwa mtawala wa wilaya nchini Kenya, alitoa santuri ya sauti za ndege wa Afrika kupitia Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Vinasa sauti vilipokuwa vyepesi, mtafiti aliweza kulala kambini msituni, kuamka kabla ya mapambazuko, kuunasa mlio na kuurudisha. Ndege, akidhani mpinzani ameingia katika himaya yake, hujibu au hujitokeza.

Yaliyofichika hayakuwa madogo. Mwaka 1991, katika milima ya Udzungwa iliyo kusini ya Mikumi, watafiti waliona miguu ya ajabu ndani ya chungu kambini. Ilikuwa ya kwale ambaye vitabu havikumjua, naye tayari alikuwa kitoweo. Alielezwa rasmi mwaka 1994. Tena yuko ndege mdogo wa vichakani, aliyepewa jina la Winifred Moreau mwaka 1938, ambaye dume na jike huimba kwa kupokezana. Mwaka 2009 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba wale wa Rubeho na Ukaguru wametengana na ndugu zao wa Uluguru kiasi cha kuhesabiwa kuwa aina ya peke yake.

Basi msitu mmoja ukifyekwa, huenda ikapotea sauti isiyopatikana penginepo duniani. Kinasa sauti kitabaki nayo, lakini huo ni ukumbusho tu. Msiba utajulikana asubuhi ile mlio utakaporudishwa msituni, usipate wa kuujibu.