Mashine ya Alizeti Singida: Aliyebuni Ana Jina, Mafundi Je?

Ukipita Singida utayaona madumu ya mafuta ya alizeti pembeni ya barabara. Mashine inayoyakamua ina stori yake ndefu.

Kitambo mbegu zilikamuliwa kwa mafungu: jaza, bana, fungua, toa mashudu, anza upya. Kazi ya kuchosha! Mwaka 1900, jamaa wa Cleveland, Marekani, Valerius Anderson, akapewa hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu. Skrubu kubwa inazunguka ndani ya pipa lenye mianya. Inazisukuma mbegu kwenye nafasi inayozidi kubana, mafuta yanachuruzika pembeni, mashudu yanatokea mbele. Haisimami. Hataza Marekani wakati ule ilidumu miaka 17, ikiisha kila mtu ruksa.

Ila hiyo inataka mota au injini. Kijiji kisicho na umeme je? Mwaka 1985 Mmarekani mwingine, Carl Bielenberg, akabuni hapa hapa Tanzania mashine ya mkono: mpini mrefu, pistoni, bomba lenye matundu. Mafundi wa kuchomelea wakaweza kuiunda.

Hao mafundi sasa ndio hawaandikwi popote. Skrubu ikilika wanaijaza chuma, wanaisaga, msimu unaendelea. Akitokea mmoja akaiboresha kweli? BRELA ipo, inasajili hataza, lakini mtu mwenye foleni ya magunia mlangoni anaanzia wapi? Halafu hataza inataka wazo jipya. Akishalionyesha mtaa mzima, anaweza akachelewa.