Nusu inchi ya Renold mpaka Tarime

Barabara ya kutoka daraja la Kirumi kwenda Tarime inakupandisha juu, na ni kwenye mpando huo nilipojua kwamba nimenunua cheni siyo. Baiskeli yangu ni ya mbio, mtumba wa Japani, na nyuma ina sproketi nane. Cheni mpya ilikuwa inang'aa. Ukiilaza kando ya ile kuukuu, pingili zilikwenda sawa moja kwa moja, na muuzaji alishaniapia kwamba cheni ni cheni. Lakini kila nilipokanyaga kwa nguvu ilikwaruza sproketi ya jirani, ikaruka, na kule nyuma kitu kikawa kinagonga: tak, tak, tak. Kilometa za mwisho nilisukuma kwa mkono, bodaboda wakinipita na kunipigia honi ya pole.

Fundi wa mjini hakuhitaji hata kuigeuza baiskeli. Aliniita mura, kama wanavyoitana wanaume wa Kikurya, akauliza jambo moja tu: huku nyuma ziko ngapi?

Mtu wa mwaka 1900 asingelielewa swali hilo. Baiskeli za mwanzo hazikuwa na cheni kabisa. Pedeli zilifungwa kwenye gurudumu la mbele, na aliyetaka mwendo alitafuta gurudumu kubwa zaidi. Ndiyo maana yale madude ya karne ya 19 yanamfika mtu kifuani. Mwaka 1880 Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na karakana yake upande wa Manchester, Uingereza, alitengeneza cheni ya bushi na rola. Cheni zilizotangulia zilikuwa na pini inayosagana na ukingo mwembamba wa bamba, zikaliwa upesi. Bushi iliipa pini mahali papana pa kuegemea, na rola iliyoivaa bushi ikawa inabiringika juu ya jino la sproketi badala ya kulikwangua. Miaka mitano baadaye John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, baiskeli ya cheni inayovuta gurudumu la nyuma. Zile zinazobeba ndizi Tarime leo ni wajukuu zake, na hawajamtupa mbali babu yao.

Cheni nyingi za awali zilikuwa na pingili za inchi nzima. Baadaye zikafupishwa kuwa nusu inchi kutoka pini hadi pini, yaani milimita 12.7, na hapo pakabaki. Raleigh za Nottingham zilizoingia Afrika Mashariki enzi ya mkoloni zilikuwa na nusu inchi hiyo. Hero za India na Phoenix za China zikafuata. Swala zetu wenyewe pia. Upana nao ulikuwa mmoja: nafasi ya ndani, linapoingia jino, ilikuwa sehemu moja ya nane ya inchi. Hata Raleigh yenye gia tatu za Sturmey-Archer ilivaa cheni hiyohiyo, kwa sababu gia zake zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu na nje kuna sproketi moja tu. Kwa fundi aliyekulia kwenye baiskeli hizo, "cheni ni cheni" haikuwa uongo. Ilikuwa kweli kwa vizazi kadhaa, nami nimeshamsamehe muuzaji wangu.

Mvurugano ulianza Ufaransa, kwa watu waliotaka kuvuka milima. Wao walipanga sproketi kadhaa kwenye gurudumu la nyuma, wakaweka kikono chenye vigurudumu vidogo cha kuisukuma cheni kutoka moja hadi nyingine. Waandaaji wa Tour de France waliwakatalia washindani kikono hicho kwa miaka mingi, wakaona ni ujanja wa wavivu. Walikiruhusu mwaka 1937, na mshindi wa mwaka huo, Roger Lapébie, alikitumia. Tangu hapo kila kampuni ikawa inataka kuongeza sproketi moja.

Nafasi ya kuziweka haikuongezeka kwa kasi hiyohiyo. Sproketi zikasogezwa karibu, na cheni ikalazimika kukonda. Kwa baiskeli za sproketi sita hadi nane upana wa nje wa cheni ni kama milimita 7. Zikiwa tisa hushuka hadi 6.6 hivi, kumi ni kama 6, kumi na moja ni 5.5, na kumi na mbili ni 5.3 au pungufu. Ng'ambo ya mpaka, kwenye Maasai Mara, ambako mbio za Migration Gravel Race zilianza mwaka 2021, utaziona hizo nyembamba zikikata vumbi. Kwa maoni yangu kampuni hizo zilizidisha. Mzigo wa sukari hauhitaji sproketi kumi na mbili, na bamba likikonda bei hupanda.

Kilichofunga mlango wa kubahatisha ni Shimano ya Japani. Kabla ya 1984 mwendeshaji alisukuma mkono wa gia mpaka akasikia cheni imekaa, kwa hiyo cheni iliyopishana kidogo alimalizana nayo kwa sikio. Mwaka huo Shimano ilileta gia zinazolia kliki, kila kliki ikisogeza kikono kipimo kilekile. Mkono hauna tena ruhusa ya kurekebisha kosa la dukani.

Na ule mlio wa kugonga niliousikia? Ulikuwa wa klipu. Cheni ya sproketi moja hufungwa kwa pingili yenye klipu ya chuma inayochomoza pembeni. Kwenye Phoenix haigusi kitu. Kwenye baiskeli ya gia inajipiga kila inapopita. Cheni ya gia hufungwa kwa pingili isiyochomoza.

Fundi alinionyesha pia jinsi ya kuipima ile kuukuu kwa futi ya chuma ya seremala, upande wa inchi, upande uleule unaopimia mbao za mbili kwa nne. Pingili 24 za cheni nzima ni inchi 12 kamili. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ibadilishe. Ukiiacha mpaka moja ya nane, imeshakula meno ya sproketi, na cheni mpya itaruka hata kama upana ni wake.

Nikiwa pale bodaboda mmoja alileta cheni yake iliyolegea. Pikipiki nyingi za abiria hapa zinavaa cheni namba 428, na ile 4 ya mwanzo husomeka kwa sehemu za nane za inchi: nne ya nane, yaani nusu. Fundi aliilaza kando ya yangu. Ya pikipiki ilikuwa nene mara kadhaa, nafasi ya ndani milimita karibu 8, lakini pini zilikwenda sawa moja kwa moja mpaka mwisho wa meza.

Cheni ya sproketi nane nililetewa na basi kutoka Mwanza. Ile pana, na klipu yake, fundi aliifunga kwenye Phoenix ya muuza maziwa, akanipunguzia nusu ya gharama.